Mwenye Kiwanda na Masikio Yake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia ya Kazi na Biashara. Kiongozi wa darasa asome polepole. Mahali palipoandikwa "Ubaoni", asimame kidogo, aandike tarakimu ubaoni, na wanafunzi wazinakili katika madaftari yao.)

 Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake.

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za kampuni, na jinsi wakubwa wa kampuni wanavyopambana na matatizo yao. Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Habari za kampuni zanihusu nini mimi? Sina kampuni." Sikiliza nikujibu. Wewe uliye mwanachama wa chama cha ushirika, wewe mama mwenye duka, wewe fundi wa kushona mwenye wasaidizi wawili, wewe unayekwenda kiwandani kila asubuhi, nyote mmo ndani ya jambo hili. Mkubwa wa kazi akiamua vizuri, watoto wako wanakula. Akiamua vibaya, wewe ndiwe utakayeambiwa Jumamosi jioni kwamba Jumatatu usije. Basi yafaa ujue jinsi wakubwa wanavyofikiri, na mahali wanapokosea.

Tutachukua mfano wa motokaa, kwa sababu kila mmoja wetu anaifahamu motokaa. Tutaanza katika mji wa Detroit, nchi ya Marekani, kwa Bwana Henry Ford. Kisha tutavuka bahari mpaka Japani, kwa watu wa Toyota, ambao magari yao mnayaona barabarani kila siku, daladala na matatu za Hiace na magari ya Land Cruiser.

1. Mtoto wa mkulima

Henry Ford alizaliwa mwaka 1863, karibu na mahali paitwapo Dearborn, katika jimbo la Michigan. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto huyu hakupenda kazi ya shamba. Alipenda mashine. Mwaka 1879, alipokuwa na umri wa miaka 16, alikwenda Detroit kujifunza ufundi.

Mwaka 1896 alimaliza kuunda gari lake la kwanza ndani ya banda nyuma ya nyumba yake. Lilikuwa na magurudumu manne kama ya baisikeli. Alipotaka kulitoa nje, gari halikuweza kupita mlangoni! Fundi alikuwa amefikiria gari, hakufikiria mlango. Akachukua shoka, akavunja ukuta.

Hakufanikiwa mara moja. Kampuni yake ya kwanza ilianzishwa mwaka 1899, ikafa upesi. Ya pili ilianzishwa mwaka 1901, akagombana na wenzake, akatoka mwaka uliofuata. Ya tatu ilianzishwa mwaka 1903, ikaitwa Ford Motor Company. Rasilmali yake ya fedha taslimu ilikuwa dola 28,000 tu, zilizotolewa na watu wachache walionunua hisa. Kampuni hiyo ipo mpaka leo.

Ubaoni: 1903.

Siku zile motokaa ilikuwa chombo cha matajiri. Ford alitaka gari la watu wa kawaida, la mkulima na la mwalimu wa shule, gari gumu la kupita katika njia za matope. Mwaka 1908 alitoa gari lililoitwa Model T. Bei yake ilikuwa dola 850.

Je, dola 850 zilikuwa nyingi au kidogo? Tufanye hesabu. Katika kiwanda chake, kabla ya mwaka 1914, mfanyakazi wa mshahara wa chini alipata dola 2.34 kwa siku. Gawanya 850 kwa 2.34. Utapata karibu 363. Maana yake, mtu yule angefanya kazi siku 363 bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba, ndipo apate gari moja. Basi gari la watu wa kawaida lilikuwa bado halijafika kwa watu wa kawaida. Hilo ndilo tatizo la kwanza: bei.

Ubaoni: 850 ÷ 2.34 = karibu 363.

2. Gari linamfuata mtu

Zamani motokaa iliundwa kama tunavyojenga nyumba. Gari lilikaa mahali pamoja, na mafundi wakalizunguka. Huyu anakwenda kuchukua gurudumu, yule anatafuta nati, mwingine anangoja mwenzake amalize. Nusu ya siku ilipotea kwa kutembea.

Katika mji wa Chicago palikuwa na machinjio makubwa. Humo nyama ilitundikwa juu, ikapita mbele ya wachinjaji waliosimama, na kila mmoja akakata kipande kimoja tu. Watu wa Ford waliligeuza jambo hilo. Kule mnyama alipungua kipande kwa kipande. Huku gari litaongezeka kipande kwa kipande. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, walianza kuyavuta magari mbele ya wafanyakazi. Mtu akasimama mahali pake, na kazi ikamfuata.

Wanafunzi wangu, sikilizeni hesabu hii. Kabla ya hapo, kuunganisha sehemu ya chini ya gari moja kulichukua muda wa saa 12 na nusu. Mwaka 1914 kulichukua dakika 93, yaani saa moja na nusu na dakika tatu. Gari likawa rahisi kutengeneza, na bei ikashuka. Mwaka 1916 Model T ya namna ile ile iliyouzwa dola 850 iliuzwa dola 360.

Ubaoni: 1908, dola 850. 1916, dola 360.

Tatizo la kwanza limekwisha. Je, Bwana Ford sasa atapumzika? La. Dawa yake ilizaa ugonjwa mwingine.

3. Watu wanaikimbia kazi

Fikiri wewe mwenyewe. Ulikuwa fundi. Ulijua kuunda kitu tangu mwanzo hata mwisho, ukajivunia. Sasa umesimamishwa mahali pamoja, unakaza nati ileile, tangu asubuhi mpaka jioni, leo, kesho na kesho kutwa. Huwezi kwenda polepole, maana mstari haukungoji. Huwezi kuzungumza. Utafanyaje? Wengi walifanya jambo moja. Walichukua kofia zao, wakaenda zao.

Mwaka 1913 kiwanda kilihitaji wafanyakazi wapatao 14,000. Lakini ili kuwa na watu hao 14,000 mwaka mzima, ilibidi kampuni iandike watu zaidi ya 52,000. Wanaingia kwa mlango huu, wanatoka kwa mlango ule. Na kila mgeni lazima afundishwe, na kila mgeni huharibu kazi kabla ya kuizoea. Ni sawa na kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

Ubaoni: wanaohitajiwa 14,000. Walioandikwa 52,000.

Mwenye kiwanda mwingine angesema, "Watu hawa ni wavivu," akaongeza wanyapara. Ford na mwenzake James Couzens, aliyesimamia fedha na biashara, walitazama hesabu zao wakaona kwamba hasara imo katika watu kuondoka. Tarehe 5 Januari 1914 waliwaita waandishi wa magazeti wakatangaza: mshahara utafika dola 5 kwa siku, na muda wa kazi utapungua toka saa 9 mpaka saa 8.

Habari hiyo iliruka kama moto wa nyika. Ilikuwa majira ya baridi kali, barafu chini. Maelfu ya watu walikuja Detroit kutafuta kazi, wakasimama mbele ya lango usiku na mchana. Kazi hazikuwatosha wote. Baada ya siku chache umati ulisukumana langoni, nao walinzi wakawafukuza kwa mipira ya maji. Mtu aliyekuja kutafuta dola 5 alirudi na nguo zilizoganda kwa baridi. Tusilisahau jambo hili tunaposifu ukarimu wa tajiri.

Tena zile dola 5 zilikuwa na masharti. Hazikuwa mshahara mtupu. Sehemu kubwa iliitwa mgawo wa faida. Ilimpasa mtu awe amekaa kazini miezi sita. Kampuni iliajiri wakaguzi waliokwenda nyumbani kwa wafanyakazi kutazama kama nyumba ni safi, kama mtu analewa, kama anaweka akiba. Wanawake hawakuhesabiwa mwanzoni. Kwa upande mmoja mfanyakazi alipata fedha ambazo hakuna mwingine aliyempa. Kwa upande mwingine tajiri aliingia mpaka chumbani kwake.

Hata hivyo dawa ilifanya kazi. Watu wakatulia kazini, na gharama zikapungua. Turudie hesabu yetu. Gari la dola 360, kwa mtu wa dola 5 kwa siku, ni siku 72. Kumbuka kwamba zamani zilikuwa 363. Mtu aliyeunda gari sasa aliweza kulinunua.

Ubaoni: 360 ÷ 5 = 72.

4. Mgema akisifiwa

Baada ya hapo Henry Ford akawa mtu mashuhuri katika dunia nzima. Mwaka 1921 zaidi ya nusu ya motokaa zilizouzwa Marekani zilikuwa zake. Wahenga wetu walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwaka 1919 Ford alinunua hisa zote za wenzake. Kampuni ikawa yake na ya jamaa yake tu. Mwanawe Edsel alipewa jina la rais wa kampuni, lakini neno la mwisho lilibaki kwa baba. Hakubaki mtu wa kumwambia mzee, "Hapana, hapo umekosea." Ninyi mlio katika vyama vya ushirika mnajua jinsi mkutano wa wanachama unavyochosha. Maneno mengi, maswali mengi, mtu anasimama kuuliza habari ya shilingi kumi. Lakini tazameni mtu aliyeukimbia mkutano kama huo alifika wapi.

Wanunuzi walikuwa wamebadilika. Mwaka 1908 mtu alitaka gari lolote linalokwenda. Miaka ya 1920 watu wengi walikuwa tayari na gari, nao walitaka gari zuri zaidi: lenye rangi, la kufunga madirisha mvua inaponyesha, lililo rahisi kuendesha. Model T ilikuwa ileile. Tangu mwaka 1914 mpaka 1925 ilitoka kiwandani kwa rangi nyeusi peke yake. Tena magari ya Ford yalikuwa magumu, hayakufa upesi. Mtu maskini aliweza kununua gari kuukuu kwa bei ndogo kuliko jipya. Ford alishindana na magari yake mwenyewe ya zamani!

Katika mji uleule palikuwa na mshindani, kampuni ya General Motors. Tangu mwaka 1923 iliongozwa na Alfred Sloan. Sloan hakuwa mtu wa kelele. Alifanya mambo matatu ambayo kila mwenye duka anaweza kuyaelewa.

Kwanza, aliyapanga magari kama ngazi. Chini Chevrolet ya bei nafuu, juu Cadillac ya tajiri, na katikati magari mengine. Mtu akipata fedha zaidi, apande ngazi, asitoke dukani kwake.

Pili, kampuni yake iliuza kwa mkopo. Ilianzisha chombo cha mikopo mwaka 1919. Mnunuzi alichukua gari leo, akalipa kidogo kidogo. Ford aliuchukia mkopo. Mwaka 1923 aliwaambia watu waweke akiba ya dola 5 kila wiki mpaka watimize bei, ndipo wapewe gari. Jambo hilo halikupendwa sana. Mtu hataki kwenda kwa miguu huku akitazama jirani yake akipita na gari la mkopo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Sloan alikwenda kusikiliza. Alitengenezewa behewa la gari moshi lenye ofisi ndani, akazunguka miji ya Marekani. Alikaa na mawakala wanaouza magari, katika vyumba vyao vya duka, akawauliza: wanunuzi wanasema nini? Kitu gani hakiendi? Mtu mkubwa kama yeye angeweza kungoja taarifa zilizopigwa taipu. Alijua kwamba taarifa ikipanda ngazi kumi husafishwa kila ngazi, na ikifika juu ni tamu tupu.

5. Barua ya kurasa sita

Je, katika kampuni ya Ford hakuna aliyeyaona haya? Waliona wengi. Wachache walisema. Mmoja aliitwa Ernest Kanzler, makamu wa rais wa kampuni. Mke wake na mke wa Edsel walikuwa ndugu. Mwezi wa Januari 1926 alimwandikia mzee barua ya kurasa sita. Aliandika kwa adabu nyingi. Akaeleza kwamba washindani wanazidi kupata nguvu na sisi tunapungua, na kwamba gari jipya lahitajiwa. Akasema kwamba si yeye peke yake. Wakubwa wengi wa kampuni walifikiri vivyo hivyo.

Mnafikiri mzee alifanya nini? Kabla mwaka haujaisha Kanzler alikuwa amefukuzwa kazi. Na wale wengine waliofikiri kama yeye walijifunza somo: ukitaka kula, nyamaza.

Lakini kumfukuza mleta habari hakuondoi habari. Mauzo yaliendelea kushuka. Tarehe 26 Mei 1927 gari la milioni 15 la Model T lilitoka kiwandani, na kampuni ikatangaza kwamba gari hilo sasa basi. Gari jipya lilikuwa bado halijawa tayari. Hapakuwa na mashine za kuliunda. Viwanda vilifungwa miezi mingi, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakakaa bila kazi. Gari jipya, Model A, lilionyeshwa tarehe 2 Desemba 1927. Lilikuwa gari zuri, watu walilipenda. Lakini mwaka ule Chevrolet ilikwisha kuipita Ford.

Ubaoni: 1926, barua. 1927, kufungwa kwa viwanda.

Tufikiri kidogo hapa. Ni nani aliyelipa gharama ya barua isiyosikilizwa? Bwana Ford alibaki tajiri. Aliyelipa ni yule mkaza nati, aliyekuwa na watoto wanne na nyumba ya kupanga. Yeye hakuulizwa habari ya gari jipya, wala hakuiona ile barua. Masikio ya mkubwa yakiziba, tumbo la mdogo ndilo linaloumia.

Mzee hakubadilika. Wafanyakazi walipotaka chama chao, walinzi wa kampuni waliwapiga viongozi wa chama hadharani, mwezi wa Mei 1937, mbele ya wapiga picha. Chama kilitambuliwa mwaka 1941, baada ya mgomo. Edsel alikufa mwaka 1943. Mwaka 1945 mjukuu, Henry Ford wa Pili, kijana wa miaka 28, alikabidhiwa kampuni iliyokuwa ikipoteza mamilioni ya dola. Alifanya nini? Aliwaandika watu waliojifunza kazi kwa mshindani, General Motors, akawaomba waweke hesabu sawasawa. Kuuliza si ujinga. Kampuni ikapona.

6. Mgeni kutoka Japani

Sasa tuvuke bahari, kwa kuwa hadithi yetu ina upande wa pili. Mwaka 1950 mgeni alifika katika kiwanda kikubwa cha Ford kiitwacho River Rouge. Jina lake Eiji Toyoda.

Mgeni huyu alitoka katika msiba. Kampuni ya Toyota ilianzishwa mwaka 1937 na binamu yake, Kiichiro Toyoda, mtoto wa mwunda mashine za kufuma nguo. Baada ya vita kuu, Japani ilikuwa maskini. Magari hayakuuzika, fedha zikakauka. Mabenki yalikubali kusaidia ikiwa watu wengi wataondolewa kazini. Wafanyakazi wakagoma miezi miwili. Mwisho wake watu wapatao 2,000 waliondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu pamoja nao mwezi wa Juni 1950. Hakukaa kitini huku watu wake wanatoka. Alikufa mwaka 1952, kabla ya kuona matunda.

Eiji aliona nini River Rouge? Ford ilitoa magari yapata 8,000 kwa siku. Toyota ilitoa yapata 40. Mtu mwingine angekata tamaa, au angerudi kwao akisema, "Na sisi tujenge kiwanda kama kile." Lakini Toyota haikuwa na fedha wala wanunuzi wa kutosha. Eiji alirudi na vitu vilivyowafaa. Kimoja kilikuwa kitu kidogo sana: aliona Ford walikuwa na utaratibu wa wafanyakazi kuandika maoni yao ya kuboresha kazi. Mwaka 1951 Toyota walianza utaratibu kama huo, nao umeendelea hata leo.

Ajabu, sivyo? Kiwanda kilichomfukuza mwandishi wa barua ndicho kilichomfundisha mgeni kuomba barua kwa kila mfanyakazi.

Katika Toyota alikuwapo msimamizi mmoja aliyeitwa Taiichi Ohno. Tatizo lake lilikuwa fedha kidogo na nafasi kidogo. Hakuweza kujaza ghala vipuri vya kungoja. Alisikia habari za maduka makubwa ya Marekani ambamo mnunuzi hujichukulia vitu rafuni, na mwenye duka huongeza vile tu vilivyochukuliwa. Kila mama mwenye genge analijua jambo hili: huwezi kununua tenga kumi za nyanya wakati unauza tenga moja, zitaoza. Ohno akaweka kadi ndogo. Sehemu ya mbele ikimaliza vipuri, hupeleka kadi nyuma, nao wa nyuma hutengeneza kiasi hicho tu.

Jambo la pili la Ohno lilikuwa kubwa zaidi. Katika viwanda vya zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa kwa mfanyakazi. Ohno aligeuza desturi hiyo. Alisema kwamba mfanyakazi akiona kosa, asimamishe kazi, ili kosa litafutwe mpaka mzizi wake. Basi yule mkaza nati, ambaye Detroit hakuulizwa neno, huku alipewa mamlaka ya kusimamisha kiwanda kizima. Mwanzoni mstari ulisimama mara kwa mara. Baadaye makosa yalipungua, na magari yakawa imara. Ndiyo maana moja ya kuyaona mengi hapa kwetu leo.

7. Hata mwanafunzi mzuri husahau

Ningependa kuishia hapo, lakini historia haiishi kwa kupiga makofi. Mwaka 2008 Toyota iliipita General Motors kwa wingi wa magari yaliyouzwa duniani. General Motors, kampuni ya Sloan msikilizaji, ilikuwa imenenepa na kulala. Tarehe 1 Juni 2009 iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Na Toyota? Mwaka 2009 na 2010 ililazimika kuyaita tena mamilioni ya magari kwa ajili ya makosa. Tarehe 24 Februari 2010 rais wa kampuni, Akio Toyoda, mjukuu wa yule Kiichiro aliyejiuzulu, alisimama mbele ya wabunge wa Marekani. Alikiri kwamba huenda kampuni ilikua kwa haraka mno, akaomba radhi.

Mnaona, wanafunzi? Ford alishinda tatizo la bei, akapata tatizo la watu kukimbia. Akalishinda hilo, akapata tatizo la sifa, nalo likamshinda. Sloan alishinda kwa kusikiliza. Waliokuja baada yake wakasahau. Toyota walijifunza kwa unyonge. Walipokuwa wakubwa, nao wakateleza. Hakuna dawa ya mara moja. Kila tatizo lililotatuliwa huacha mtoto wake mlangoni.

Mabaharia wa pwani yetu wana msemo: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nahodha aliyesahau ubaharia hajui tena sauti ya tanga linalotaka kuchanika. Lazima mtu mwingine amwambie. Na mtu huyo atasema tu ikiwa aliyesema jana hakutupwa baharini.

Basi kesho ukienda katika mkutano wa chama chako, au ukifungua duka lako, tazama jambo moja. Mtu wa chini kabisa akiona kosa, ana mahali pa kulisema? Na akilisema, anarudi kazini kesho yake? Ukijibu ndiyo, chombo chako kina bahari mbele. Ukijibu sivyo, anza kutengeneza hapo.

Kwaherini, ndugu zangu. Someni tena somo hili nyumbani, na msomeeni asiyejua kusoma.

Maneno ya somo

Hisa: sehemu ya mali ya kampuni ambayo mtu huinunua.
Rasilmali: fedha na vitu vya kuanzishia au kuendeshea kazi.
Mshindani: mtu au kampuni inayouza vitu kama vyako.
Wakala: anayeuza vitu kwa niaba ya mwenye kiwanda.
Kujiuzulu: kuacha cheo kwa hiari yako.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wafanyakazi wengi waliondoka katika kiwanda cha Ford mwaka 1913? Wewe ungeondoka au ungebaki? Toa sababu.
2. Zile dola 5 kwa siku zilikuwa na masharti gani? Masharti yapi ungeyakubali, na yapi ungeyakataa?
3. Ikiwa gari liliuzwa dola 360, na mtu anapata dola 6 kwa siku, ni mshahara wa siku ngapi?
4. Kanzler aliandika barua akafukuzwa. Je, alikosea kuandika? Wengine walionyamaza walifanya vema?
5. Taja tatizo moja la duka, shamba au chama chenu. Ni nani aliyeliona kwanza? Je, aliulizwa?